Kitendawili cha Miaka 91

Kitendawili!

Naam, natega: nilipika miaka 91, wageni wakala kwa dakika 81, wakaomba kingine.

Si pilau ya harusi, wala makande. Wewe uliyekaa nyuma unasema ni pweza, lakini hata pweza hachemki hivyo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Lamu. Haya, Lamu nimekwenda, nimekula samaki wa kupaka, nimelala barazani na upepo wa kusi ukinipuliza, na sasa nimerudi na jibu: ni Toy Story, ile filamu ya Woody mchunga ng'ombe na Buzz mwanaanga, iliyotengenezwa na Pixar ya Marekani na kutoka mwezi Novemba 1995. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza duniani kutengenezwa yote kwa kompyuta.

Miaka 91 nimeitoa wapi? Tuhesabu pamoja. Filamu ni picha zilizotulia zinazopita upesi mbele ya macho, picha 24 kila sekunde, na kila picha huitwa fremu. Toy Story ilikuwa na fremu 114,240. Kuzitoa zote kuliwagharimu Pixar saa 800,000 za kazi ya mashine. Gawa kwa 24 upate siku, gawa tena kwa 365 upate miaka, utaikuta 91 na ushee. Kwa hiyo kompyuta moja ya wakati ule, ikifanya kazi peke yake usiku na mchana bila kupumzika, ingebidi ianze mwaka 1904, Mjerumani akitawala bara na Vita vya Maji Maji havijapiganwa, ndipo imalize kwa wakati wa onyesho la kwanza. Pixar hawakuwa na subira hiyo. Walipanga kompyuta 117 chumba kimoja, wakazigawia fremu.

Sasa kompyuta ilikuwa inafanya nini muda wote huo?

Wengi hudhani ilikuwa inachora. Lakini wachoraji walikwisha kufanya kazi yao: umbo la Woody lilikuwamo ndani ya mashine, kofia imo, kitanda cha mtoto Andy kimo, na mwendo wa kila kidole umeshapangwa. Kilichokuwa bado ni mwanga. Kompyuta ilitakiwa ijue, kwa kila nukta ya picha, ni rangi gani hasa ingefika kwenye jicho la mtu aliyesimama pale penye kamera. Na nukta si chache. Runinga ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni mbili. Hizo ni za fremu moja tu, na ndani ya sekunde hiyo hiyo zinakuja nyingine 23.

Mwanga ni msumbufu kuliko unavyodhani. Mtu wa kanzu nyeupe akisimama karibu na ukuta mwekundu, ubavu wa kanzu ulioelekea ukutani hupata wekundu kidogo. Jua limeupiga ukuta, ukuta ukamrushia mtu, mtu akaturushia sisi. Kivuli cha mnazi kina ukingo mkali karibu na shina, lakini kule mbali kinakotua kwenye mchanga ukingo huo hulegea na kufifia. Maji hurudisha mbingu, glasi hupinda kilicho nyuma yake, na hata ngozi ya sikio lako, jua likiwa nyuma yako, huwaka nyekundu kwa sababu mwanga umepenya ndani na kutokea upande wa pili. Jicho lako limeyaona haya tangu ulipozaliwa, kwa hiyo hulishangai hata moja. Ila likikosekana utasema "hii picha ina kasoro" bila kujua kasoro yenyewe ni ipi.

Njia ya kuyapata yote hayo ni kuufuata mwanga hatua kwa hatua. Tena hufuatwa kinyumenyume. Mwanga mwingi wa jua hauingii machoni mwako kamwe, kwa hiyo kuufuata kutoka juani ni kuchosha mashine bure. Kompyuta huanzia kwenye jicho. Hutuma mstari mmoja kupitia nukta moja ya picha, huangalia umegonga nini, hapo hutuma mingine kuuliza mwanga ulifikaje mahali hapo, na hiyo nayo ikigonga kitu huulizwa swali lile lile. Turner Whitted aliieleza njia hii katika makala maarufu ya mwaka 1980, na James Kajiya akaiandikia hesabu yake kamili mwaka 1986. Ukituma mistari michache kwa kila nukta, picha hutoka na chengachenga, kama mtu amemwaga mchanga juu yake. Ukitaka picha safi, utatuma mamia, pengine maelfu. Kazi hiyo yote, tangu kuuliza hadi kupata rangi ya mwisho, mafundi huiita kurenda.

Bila shaka mmoja wenu anataka kuniambia: lakini kompyuta za leo zina kasi mara maelfu kuliko za 1995, si kazi imekwisha?

Swali zuri, na jibu lake linachekesha. Mwaka 2013 Pixar hao hao walitoa Monsters University. Kompyuta zilikuwa zimeongezeka nguvu kupita kiasi, na bado fremu moja ilichukua wastani wa saa 29. Toy Story, ukigawa zile saa kwa zile fremu, ilichukua kama saa 7. Muda umepanda! Sababu mojawapo ni Sulley, lile zimwi kubwa la manyoya ya buluu. Katika filamu hii Sulley alikuwa na nywele milioni tano na nusu, na kila moja ilikuwa na kivuli chake. Jim Blinn, mmoja wa wakongwe wa fani hii, alikwisha kuliona jambo hili zamani, akalisema kama kanuni: mashine ziongezeke kasi kiasi gani, muda wa kurenda hubaki pale pale. Ukimpa mchoraji kasi, yeye huongeza nywele.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo hadithi inapoanza. Watu wakisikia saa 29 hufikiri hasara ni muda tu. Mimi naona kungoja kule kulifanya jambo kubwa zaidi: kuliwapanga watu, kukaamua nani anaruhusiwa kubadili mawazo na lini.

Fikiria wewe ndiye mwongozaji. Kwanza unachora hadithi nzima kwa penseli, tukio baada ya tukio, mfano wa kitabu cha katuni. Mnakaa, mnabishana, mnafuta, mnachora upya. Huko kubadili ni rahisi, karatasi na penseli hazina gharama. Kisha kazi inakwenda kwa wanaojenga maumbo, ikitoka huko inakwenda kwa wanaopanga kamera, halafu kwa wahuishaji wanaotia mwendo, halafu kwa mafundi wa mwanga. Kila idara inangoja iliyotangulia. Ukiwa mwongozaji unaitwa kutazama mwendo wa mhusika na kusema ndiyo au hapana, lakini unachokiona ni vikaragosi vya kijivu kwenye chumba cha kijivu. Hakuna jua, hakuna ukungu, macho hayana mng'ao. Unasema ndiyo. Miezi inapita. Fundi wa mwanga anaweka taa zake jioni, anatuma fremu kwenye chumba cha kompyuta, anakwenda kulala, asubuhi mnatazama wote. Na hapo ndipo unagundua kwamba tukio lile lingependeza zaidi kamera ikiwa chini, usawa wa magoti, jua likitokea nyuma.

Utafanya nini? Kusogeza kamera kunawarudisha wahuishaji, maana mkono uliokuwa hauonekani sasa unaonekana, na haukuhuishwa. Kunawarudisha wajenzi, maana nyuma ya kabati hapakujengwa kitu. Mwenye fedha anakutazama. Mara nyingi utasema, "Pazuri hivyo hivyo," na tukio litapita. Filamu nyingi tunazozipenda zina matukio ya pazuri hivyo hivyo, ila hatujui ni yapi.

Wakati mafundi wa filamu wakingoja asubuhi, palikuwa na ukoo mwingine wa mafundi ambao hawakuwa na ruhusa ya kungoja hata kidogo. Hao ni watengenezaji wa gemu.

Ukicheza mpira kwenye kompyuta au kwenye simu, hakuna anayejua utamgeuzia mchezaji wako upande gani. Picha haiwezi kutayarishwa jana. Inabidi itoke wakati ule ule unapobonyeza, mara 60 kwa sekunde ikiwa gemu ni nzuri. Katika zile saa 29 ambazo Sulley alikuwa akirendwa fremu moja, gemu ingekuwa imetoa fremu zaidi ya milioni sita. Wanawezaje? Kwa vitu viwili: mashine na ujanja.

Mashine ni kadi ya grafiki. Kichwa cha kawaida cha kompyuta kina wachapakazi wachache hodari wa kazi za kila namna. Kadi ya grafiki ina maelfu ya wachapakazi wadogo wanaojua hesabu chache tu, lakini wanazifanya kwa pamoja. Nukta milioni mbili ni kazi inayowafaa hasa, kwa kuwa kila mmoja hujishughulisha na nukta yake wala hamngoji jirani.

Ujanja ndio ninaoupenda zaidi. Chukua kivuli. Badala ya kufuata mwanga unavyoruka huku na huko, gemu huweka kamera ya siri pale pale penye taa na kupiga picha ya haraka. Taa inaona nini? Kila kisichoonekana kutoka penye taa, basi kiko kivulini. Limekwisha. Kimetokea kivuli cha kuridhisha kwa gharama ya picha moja ya ziada. Au chukua maji. Gemu haihesabu mwanga unavyogonga ziwa. Hutazama picha iliyokwisha kuitoa, ikakopa kipande cha mti uliopo hapo juu, ikakipindua na kukibandika majini. Inapendeza sana, mpaka mti utoke nje ya ukingo wa picha. Hapo taswira yake majini nayo hutoweka, maana hakuna pa kukopa. Ukiwa mcheza gemu umewahi kuliona hili, ila labda hukujua ulichokiona.

Kwa hiyo kwa miaka mingi koo hizi mbili ziliishi mbalimbali, moja ikitoa picha za kweli polepole, nyingine ikitoa picha za ujanja papo hapo. Watu wa filamu waliwadharau kidogo watu wa gemu. Lakini ujanja ulizidi kunoga. Injini za gemu, yaani programu zinazobeba dunia nzima ya gemu, hasa Unreal ya kampuni ya Epic Games na Unity, zikaanza kutoa picha ambazo mtu wa filamu hakuweza tena kuzicheka. Mwaka 2018 kampuni ya Nvidia ikaleta kadi zenye vifaa maalumu vya kuufuata mwanga, ile njia ya polepole, kwa kasi ya gemu. Mwaka 2022 Unreal 5 ikatoka na uwezo wa kuhesabu mwanga uliodunda ukutani papo hapo. Ile kanzu yetu nyeupe ikapata wekundu wake bila kungoja asubuhi.

Filamu zilianza kuvuka mto taratibu. The Lion King ya mwaka 2019 ilitia mguu mmoja majini. Mwongozaji Jon Favreau na watu wake walisafiri hadi Kenya kutazama nyika na wanyama wenyewe, kisha wakaijenga nyika hiyo ndani ya injini ya gemu huko Los Angeles. Walivaa miwani ya uhalisia pepe wakatembea ndani yake, wakisogeza kamera kwa mikono yao mbele ya simba ambao hawakuwapo. Kamera ikachaguliwa papo hapo, ila picha za mwisho zilirendwa kwa njia ya zamani. Katika filamu nzima ni picha moja tu iliyopigwa kwa kamera ya kweli, nayo ni jua linalochomoza mwanzoni. Favreau alilitangaza mwenyewe baadaye, kwa furaha ya mtu aliyewaficha watu kitu na hakuna aliyekiona.

Upande wa tamthilia za watoto, wa kwanza kuvuka walikuwa Digital Dimension wa Montreal nchini Kanada, kwa katuni yao Zafari. Hadithi wameiweka chini ya Mlima Kilimanjaro, kwenye bonde ambako wanyama huzaliwa na ngozi za wanyama wengine, na shujaa wake ni mwanatembo mwenye milia ya pundamilia. Vipindi 52 vya dakika 11, vyote vikirendwa ndani ya Unreal. Hesabu mwenyewe kwa fremu 24 kila sekunde: ni zaidi ya fremu 820,000, kiasi cha Toy Story saba. Televisheni haina fedha za Toy Story saba. Na mwezi Machi 2024 filamu fupi War Is Over!, hadithi ya askari wawili wa Vita vya Kwanza vya Dunia wanaocheza chesi kwa kutumiana njiwa, ilitwaa Oscar. Nayo ilitengenezwa kwa Unreal.

Lakini mimi nataka kukupeleka Riga.

Riga ni mji mkuu wa Latvia, nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki. Huko yupo kijana aitwaye Gints Zilbalodis, aliyezaliwa 1994. Filamu yake ndefu ya kwanza, Away ya mwaka 2019, aliifanya yote peke yake kwa miaka mitatu na nusu, mpaka muziki. Akawaza nyingine. Palikuwa na paka asiye na jina, na mafuriko yaliyoifunika dunia, na mashua. Mashuani paka anawakuta kapibara, mbwa, lemuri wa Madagaska anayekusanya vitu vya kung'aa, na karani tamba, yule ndege wa miguu mirefu anayewakanyaga nyoka kwenye mbuga zetu za Serengeti na Maasai Mara. Hakuna binadamu na hakuna neno hata moja. Paka analia kama paka, mbwa anabweka kama mbwa. Kapibara aliazimwa sauti ya mtoto wa ngamia, kwa sababu sauti yake halisi haikumfaa mnyama mpole vile. Filamu ikaitwa Flow.

Zilbalodis aliifanyia Flow katika programu inayoitwa Blender. Programu hii ilizaliwa Uholanzi mikononi mwa Ton Roosendaal, na mwaka 2002, kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilipofungwa, watumiaji wake walichanga euro 100,000 kwa wiki saba ili msimbo wake uachiliwe uwe mali ya watu wote. Tangu hapo ni bure. Mwaka 2019 Blender ikaongezewa kirendaji cha papo hapo kiitwacho EEVEE, kinachotumia ujanja ule ule wa gemu niliokusimulia: kamera ya siri penye taa, na kukopa picha majini. Zilbalodis alipokiona, akahamia Blender.

Na tazama alivyofanya kazi. Hakuchora ile michoro ya penseli ya kutangulia. Alijenga msitu uliofurika, akamweka paka, akawasha jua, kisha akaichukua kamera na kuzurura mle ndani kama mtu anayetafuta pa kukaa kwenye sherehe. Akijaribu usawa wa masikio ya paka, anaona papo hapo mwanga unavyopita kati ya majani. Hapajampendeza, anazunguka nyuma ya mti. Mwongozaji wa kale alisema ndiyo kwa kikaragosi cha kijivu. Huyu hakusema ndiyo mpaka ameona. Ndiyo maana Flow ina matukio marefu, dakika kadhaa bila kukata, kamera ikimfuata paka majini, chini ya maji, juu tena, ikageuka kumtazama ndege angani, kisha ikarudi. Ukiitazama utahisi kwamba aliyeshika kamera naye hakujua paka angekimbilia wapi. Kamera ya namna hiyo ni ngumu kuibuni kwenye karatasi.

Mwishowe alirenda filamu nzima kwenye kompyuta yake mwenyewe. Hakukodi chumba cha mashine. Fremu moja, kwa ukubwa wa sinema, ilichukua kati ya nusu sekunde na sekunde 10. Si papo hapo kabisa, kwa kuwa gemu ingehitaji haraka zaidi. Lakini tuzidishe kwa ukarimu, sekunde 10 kwa kila fremu: dakika 85 ni fremu 122,400, ambazo ni saa 340, ambazo ni siku 14 na saa chache. Wiki mbili. Kitendawili changu kingeharibika, hakuna ambaye angeshindwa nikapewa mji.

Flow iligharimu kama euro milioni tatu na nusu. Usiku wa tarehe 2 Machi 2025, ikishindana na Inside Out 2 ya Pixar iliyogharimu takriban dola milioni 200, ilitangazwa filamu bora ya uhuishaji kwenye Oscar. Latvia haikuwahi kupata Oscar hata moja kabla ya hapo.

Mnashangilia, na mimi pia nilishangilia. Lakini kaeni kwanza, maana msimulizi akiacha hapa atakuwa amewadanganya.

Filamu hiyo inayorendwa kwa wiki mbili ilichukua miaka mitano na nusu kutengenezwa. Kompyuta ilipoacha kuwachelewesha, kilichobaki ni kazi ya watu, nayo haikuwa na njia ya mkato. Mwendo wa paka haukunaswa kwa vifaa kutoka kwa paka wa kweli. Wahuishaji walitazama video za paka, wakatia mwendo kwa mkono, mkia, bega, sikio linalogeuka kabla ya kichwa. EEVEE haikumsaidia mhuishaji kujua kwamba paka mwenye hofu hulaza masikio. Na kazi nyingine imehamia mwanzoni. Zamani ungeweza kukitupia kirendaji umbo zito ukaenda kulala. Kwenye mwanga wa papo hapo, mti wenye majani mengi mno utaikwamisha kompyuta mbele ya macho yako, kwa hiyo mjenzi anatakiwa kuupunguza uzito kabla mwongozaji hajaingia kuzurura.

Tena ule ujanja unaonekana kwenye picha yenyewe. Mtazame yule mbwa kwa karibu. Hana nywele milioni tano. Ana mwili laini uliopakwa mistari ya rangi kwa brashi, na wako waliosema anafanana na mnyama wa gemu. Ni kweli, anafanana. Kwangu mimi hilo limeipa filamu sura yake, na Sulley aliyehesabiwa nywele simkumbuki kwa nywele. Lakini sitaki mtu akuuzie uongo kwamba papo hapo inatoa kila kitu. Pixar bado wanarenda kwa saa nyingi, na wana sababu zao. Ukitaka glasi ya maji iliyopinda jua na kutupa mstari wa mwanga mezani, ujanja wa haraka utakuaibisha.

Iko hatari nyingine isiyo ya mashine. Mwongozaji anayeweza kubadili kila kitu kila dakika anaweza asimalize kamwe. Asubuhi ya kutazama fremu ilikuwa mateso, lakini ilikuwa pia tarehe. Timu ambayo haina tarehe hiyo inapaswa kujiwekea yake, la sivyo fundi wa mwanga atasogeza jua lile lile hadi azeeke.

Haya, wenye kompyuta inayoweza kubeba Blender, fanyeni jaribio. Sisemi kwamba wote mnayo, kadi za grafiki bei zake si za mzaha, lakini mashine ya shuleni au ya kaka inaweza kutosha. Fungua Blender: utakuta mchemraba, taa na kamera, vimeshawekwa. Mbele ya kamera simamisha ubao bapa, uufanye wa chuma kinachong'aa hadi uwe kioo. Mchemraba uhamishie nyuma ya kamera, upake rangi nyekundu, na taa uiweke mahali itakapoumulika. Renda kwa EEVEE. Picha itatoka kabla hujakaa vizuri, na kwenye kioo hutaona mchemraba, kwa sababu haumo kwenye picha na hakuna pa kukopa. Sasa, bila kugusa kingine chochote, badili kirendaji uweke Cycles, kile kinachoufuata mwanga mstari kwa mstari. Utasikia feni ya kompyuta ikianza kunguruma, utaona chengachenga zikijaa kwenye kioo, na baada ya muda katikati yake utatokea mchemraba mwekundu. Kisha rudi EEVEE, na utafute namna ya kumdanganya mtazamaji aamini kwamba mchemraba upo. Njia ziko zaidi ya moja.